Mchungaji Aliyesema Hajasikia Kitu

Jua halijapanda vya kutosha kufika dirishani, lakini chumba cha pasi kimeshachemka. Mvuke unatoka kwenye mashine kubwa ya kunyooshea mashuka, unagonga bati la dari na kurudi chini matone matone. Wanawake wawili wamesimama uso kwa uso, kila mmoja ameshika pembe mbili za shuka la hospitali. Wanalivuta, wanalikung'uta, wanakutana katikati, wanaachana, wanachukua jingine.

"Dada, jana umelala usingizi wa mchungaji au wa binadamu?" anauliza yule mwembamba.

"Wa binadamu aliyechoka," anajibu mwenzake.

Anayeuliza wanamwita Shangazi, ingawa ni mdogo kuliko karibu wote katika kiwanda hiki cha kufulia nguo. Anayejibu ana umri wa miaka hamsini na saba, vidole vilivyokomaa kwa joto, na kitambaa cha buluu kichwani. Tangu Jumatatu hadi Jumamosi ananyoosha nguo za watu asiowajua. Jumapili anasimama mbele ya watu anaowajua kwa majina, na majina ya watoto wao, na magonjwa yao, anafungua Biblia na kuhubiri. Kote huko anaitwa Mama Mchungaji.

Kwa miaka mingi jina hilo lilimaanisha mke wa mchungaji. Mume alipofariki, mimbari ikahamia kwake na jina likabaki lilelile. "Hawakuona haja ya kunipa jipya," anasema. "La zamani lilinitosha."

Kanisa halimlipi mshahara. Sadaka huishia kwenye kodi na kwenye shida za waumini, na mwezi ukiwa mbaya huishia kwenye kodi peke yake. Kinachomlisha ni haya mashuka na taulo za hoteli. Halalamiki. Anasema chumba cha pasi kina faida moja ambayo wachungaji wengi hawana.

"Hapa mashine zinapiga kelele," anasema. "Naongea na Mungu kwa sauti yangu yote, na hakuna wa kuniuliza amejibu nini."

Swali hilo, amejibu nini, ndilo lililomgharimu zaidi ya nusu ya kanisa na rafiki mmoja wa tangu usichana.

Mumewe alikuwa dereva wa lori la saruji aliyehubiri Jumapili. Nyumbani maneno yake yalikuwa ya kuhesabika, kanisani hayakuwa na mwisho. Miaka sita iliyopita, asubuhi, alikuwa ameinama kufunga kamba za viatu aende kazini. Mkewe alikuwa jikoni.

"Nilisikia kishindo, nikadhani ameangusha kiti," anasimulia. "Nikamwambia, baba, utavunja sakafu ya watu. Hakujibu. Nikamaliza kuosha kikombe kwanza, ndipo nikaenda kuangalia."

Baada ya mazishi, wazee wa kanisa walimfuata. Alikuwa amesoma masomo ya Biblia ya jioni, alikuwa akifundisha kwaya na kuzungukia wagonjwa. Wakamwomba awashikie kanisa kidogo tu, mpaka apatikane mchungaji. Wakaletwa wawili kuangaliwa. Wa kwanza aliuliza nyumba iko wapi. Wa pili aliuliza gari liko wapi.

"Kanisa halikuwa na nyumba wala gari," anasema Mama Mchungaji. "Lilikuwa na mimi."

Mwisho askofu alifunga safari, akamwekea mikono kichwani mbele ya watu wote, na kwa wengi jambo likawa limeisha. Kwake halikuisha. Hadi leo anajiuliza kama ni Mungu aliyemwita, au ni msiba tu uliomkuta amesimama karibu na mlango. Ameuliza swali hilo akiwa kwenye magoti na akiwa kwenye mashine. Hajajibiwa.

Kilichokuja haraka ni upweke.

Alikuwa na rafiki, mshonaji wa sare za kwaya, mwanamke mwenye kinywa kikali na moyo laini. Walikua pamoja, wakaolewa mwaka mmoja, wakaingia kanisa moja. Wakati wa mahubiri marefu ya mume wa Mama Mchungaji, wawili hao walikaa benchi la nyuma wakikanyagana miguu ili wasicheke. Mmoja akisinzia, mwingine alimfinya. Wakati mwingine mwenye kufinya ndiye aliyekuwa amesinzia kwanza.

"Jumapili ya kwanza niliposimama mbele, nilimtafuta kwa macho," anasimulia. "Akainamisha kichwa. Kesho yake nikapita dukani kwake tupige soga kama siku zote. Akachukua kitambaa, akanipangusia kiti. Miaka yote hiyo hajawahi kunipangusia kiti. Nikakaa, lakini nilijua limeisha."

Mshonaji, alipofuatwa dukani kwake, hakukana. Alikuwa akipitisha uzi kwenye tundu la sindano na hakuinua macho.

"Utamtania vipi mtu anayekubariki?" alisema. "Mimi nilimpa heshima. Sikujua kwamba heshima nayo inafukuza mtu."

Wengine wote walifanya vivyo hivyo, kila mmoja kwa upendo wake. Wanawake waliokuwa wakigombana mbele yake juu ya waume zao sasa walinyamaza akiingia. Mwanawe wa kiume anafanya kazi mji mwingine na binti ameolewa mbali; simu zao huja Jumapili jioni, fupi, zenye salamu za wajukuu. Alipopatwa na homa mwaka wa pili wa uchungaji wake, kila muumini aliamini kwamba nyumba ya mchungaji imejaa watu. Hakuna aliyekwenda.

Aliyekwenda ni Shangazi, ambaye si wa kanisa hilo wala la jirani, na ambaye husema wazi kwamba Jumapili ni siku ya kulala.

"Nilikuta sufuria zote zimekauka," anasema Shangazi. "Nikamwambia, dada, una kondoo mia mbili na hakuna hata mmoja wa kukuchemshia maji. Akanijibu, mchungaji hatembelewi, mchungaji huitwa. Nikamwambia hiyo methali yako ni mbaya, tafuta nyingine."

Wakati huo kanisa lilikuwa likiabudu kwenye ukumbi wa kupanga, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la matairi. Harufu ya mpira ilipanda na ngazi. Mara kwa mara, katikati ya sala ya kimya, mashine ya upepo ilipiga mlio chini na watoto wakaruka. Lakini kodi ilikuwa nafuu na madirisha makubwa.

Mwaka jana mwenye jengo aliwaambia watafute pengine. Anataka ghorofa nzima kwa matumizi yake. Akawapa hadi mwisho wa mwaka.

Hapo ndipo mkandarasi alipoinuka. Ni muumini wa siku nyingi, mjane wa kiume, mtu mzito wa mwili na mwepesi wa machozi. Mkewe alipokuwa akiugua, mume wa Mama Mchungaji alikuwa akienda kuketi naye kila jioni akitoka kwenye lori, na vumbi lake la saruji hivyohivyo. Mbele ya kaburi la mkewe, mkandarasi aliahidi kwamba siku moja atamjengea Mungu nyumba. Sasa alisema siku imefika. Amenunua kiwanja upande wa pili wa mji, kwenye mteremko, karibu na barabara ya lami. Atajenga kwa fedha zake mwenyewe, paa, sakafu na vyoo.

Ukumbi mzima ukasema amina. Mama Mchungaji naye alisema amina, kisha akaomba jambo ambalo kila kiongozi wa kanisa huomba: apewe muda autafute uso wa Bwana.

"Haikuwa kwamba nilikuwa na wasiwasi," anasema. "Niliona tu ni jambo kubwa, si la kukubali ukiwa umesimama. Nikadhani nitaomba siku chache, nitapata amani moyoni, tutaendelea."

Akafunga chakula. Akaomba kabla ya kazi, akaomba kazini, akaomba akirudi. Alifungua Biblia, akasoma habari za watu waliosikia sauti, wengine hawakuwa hata wameuliza. Yeye hakusikia sauti. Hakuota. Amani haikuja na hofu nayo haikuja.

"Ilikuwa kama kupiga simu inayoita tu," anasema. "Haikatiki, haipokelewi."

Wakati yeye anangoja, waumini walikuwa wanapokea. Mmoja aliota lango jeupe. Mwingine aliota kisima. Kijana wa kwaya alifungua Biblia bila kuchagua na kidole chake kikaangukia mstari wenye neno nyumba. Kila mmoja alimletea Mama Mchungaji alichopewa, kisha akasubiri usoni mwake aone yeye amepewa nini.

"Kila mtu ameota isipokuwa mimi," anasema, na hapa anacheka kweli. "Mimi nilikuwa nalala kama gogo. Nikaanza kufikiri labda Mungu amekosea nyumba."

Nyuma ya mzaha huo kulikuwa na kipindi ambacho hapendi kukisimulia kirefu. Alikonda. Alisimama mimbarini akiwaambia watu Mungu anasikia, akishuka anajiona tapeli. Hakuwa na wa kumwambia. Askofu yuko mbali na ana makanisa mengi. Mume yuko kaburini. Mshonaji anapangusa kiti.

Alasiri moja, baada ya zamu, aliamua kwenda kukiona kiwanja. Hakuwa amekiona bado. Alikwenda peke yake kwa miguu, na viatu vya kazini.

Alikikuta kizuri. Upepo, udongo mwekundu, mji wote chini. Kwenye pembe ya chini, penye kivuli cha ukuta wa jirani, palikuwa na nyumba ndogo ya mabati na kamba ya nguo. Mwanamke wa makamo alikuwa akichota maji kutoka pipani. Msichana mkubwa, mtu mzima tayari, alitoka nyumbani na ndoo, akapita kando ya jiwe, akazunguka mti mfupi, akafika pipani bila kusita. Ilimchukua Mama Mchungaji muda kugundua kwamba msichana haoni.

"Na wewe umekuja kupima?" aliuliza yule mwanamke.

Mama Mchungaji alisema hapana, amekuja kutazama tu.

Mwanamke alikuwa mlinzi wa kiwanja hicho tangu binti yake akiwa mchanga. Mwenye ardhi wa kwanza alimruhusu akae bure kwa kuwa anazuia wavamizi. Mzee huyo alipofariki, warithi wakauza. Msimamizi wa mkandarasi alikuja na pesa ya usafiri, akamwambia ahame kabla ya ujenzi kuanza.

"Nikamuuliza, niende wapi?" mwanamke alisimulia. "Akasema, mama, hapa panakuja kanisa, usishindane na Mungu. Nikanyamaza. Nikigombana na mtu, naenda polisi. Nikigombana na Mungu, nimshitaki wapi?"

Kisha akaonyesha kwa kidevu kule alikosimama binti yake. "Hapa anajua kila kitu kilipo. Choo, maji, jiwe, kamba. Anapika mwenyewe. Tukihama atakuwa kipofu mara ya pili."

Mama Mchungaji hakusema yeye ni nani. Anakiri kwamba hakuweza. Aliomba maji ya kunywa, akapewa na yule msichana, akashukuru, akaondoka.

Je, hilo ndilo lililokuwa jibu lake? Watu wengi wamemwambia hivyo tangu siku hiyo. Yeye mwenyewe anakataa kulisema.

"Nilikuwa natamani sana liwe jibu," anasema. "Lakini yule mama ndiye aliyesema nami, na mimi najua tofauti. Nilichojua ni kwamba sitaweza kuhubiri nikiwa nimesimama pale alipokuwa anachotea maji."

Alimfuata mkandarasi kazini kwake, kwenye banda lililojaa milango na fremu za madirisha. Alimwomba aiache ile pembe, kanisa lijengwe juu zaidi mteremkoni. Mkandarasi alimsikiliza kwa adabu. Akaeleza kwamba kiwanja si kikubwa kama kinavyoonekana, pembe ile ndiyo njia ya kuingilia, na kwamba mwanamke yule ameshapewa alichostahili.

"Kwani Mungu amekuambia ukatae?" alimuuliza.

"Hapana, baba. Hajaniambia kitu."

"Basi mimi ameniambia," alisema mkandarasi, na machozi yakamlenga. Hakuwa anaigiza. Mama Mchungaji ana hakika ya hilo mpaka leo.

Mshonaji, ambaye alikuwa katibu wa kanisa, alisikia. Jioni hiyo alikuja nyumbani kwa Mama Mchungaji, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Hakukaa. Alisimama karibu na meza na mkoba begani, akampa shauri.

"Mwenzangu, mbona unajitesa?" alisema. "Jumapili wewe sema tu Bwana amekataa. Mkandarasi ni mcha Mungu, atanyamaza. Nani atakwenda kumuuliza Bwana?"

"Lakini hajakataa."

"Hajakubali pia."

"Ndiyo hivyo. Hajasema."

"Basi sema wewe," mshonaji alimjibu. "Si ndiyo kazi tuliyokupa?"

Mama Mchungaji anasema hilo ndilo lililomkaa rohoni kuliko maneno yote. Njia ilikuwa wazi na nyepesi. Neno moja tu, na yule mwanamke angebaki na pipa lake, mkandarasi angetafuta kiwanja kingine, kanisa lisingepasuka. Alilala nalo, akaamka nalo. Alilijaribu mdomoni mbele ya mashine: Bwana amekataa. Shangazi, aliyekuwa ng'ambo ya shuka, akamuuliza, "Amekataa nini?" Akachukua shuka jingine.

Jumapili ilifika. Ukumbi ulijaa hadi kwenye ngazi. Mama Mchungaji hakuvaa joho. Alisema aliomba kwa bidii aliyonayo na hajasikia kitu. Akasema hatawaambia Mungu amesema wakati hajasema, wala kwa ndiyo wala kwa hapana. Akawasimulia habari ya yule mwanamke na binti yake. Kisha akasema kwamba kwa akili yake mwenyewe na kwa dhamiri yake mwenyewe, yeye hawezi kwenda kule. Kama amekosea, kosa ni lake, lisiwekwe juu ya Mungu.

"Nilitegemea watu wapige kelele," anasimulia. "Hawakupiga. Walinitazama kama watoto wanavyomtazama mama aliyerudi sokoni mikono mitupu."

Mkandarasi aliinuka, akachukua kofia yake, akainama kidogo kwa heshima, akatoka. Waliomfuata walitoka taratibu, bila matusi, wakisogeza viti ili visikwaruze sakafu. Mshonaji alikuwa miongoni mwa wa mwisho. Alipofika mlangoni aligeuka, akatazama, akaenda.

"Mtoto wangu amepata kazi kwa mkandarasi, sifichi," anasema mshonaji sasa. "Lakini hata bila hivyo ningeondoka. Sisi watu wadogo tunabeba mengi. Tukija kanisani tunataka mtu mmoja tu ajue njia. Mchungaji akisema sijui, kondoo waende wapi?"

Kisha akaongeza: "Anakula? Amekonda sana."

Kanisa la mteremkoni lilijengwa. Hilo ndilo jambo ambalo wanaosimuliwa habari hii hawalitegemei. Lina paa la buluu linaloonekana kutoka barabarani na linajaa kila Jumapili. Mkandarasi, alipoulizwa, alisema hana kinyongo. "Nilitimiza nadhiri," alisema. "Na mumewe angekuwa hai, angenielewa." Alisema pia kwamba yule mwanamke aliongezewa pesa.

Aliongezewa, ni kweli. Na akahama. Kukataa kwa Mama Mchungaji hakukumwokoa.

Siku ya kuhama, Mama Mchungaji aliomba kigari cha kubebea mashuka kiwandani, na yeye na Shangazi wakasukuma magodoro, sufuria na lile pipa hadi kwenye chumba cha kupanga nyuma ya karakana ya milango ya chuma. Ni hapo, wakifunga kamba mpya ya nguo, ndipo alipomwambia yule mwanamke yeye ni nani na nini kilitokea.

Mwanamke aliendelea kufunga fundo. Akauliza kama ni kweli kwamba angesema tu Mungu amekataa, wangeacha. Mama Mchungaji akasema huenda.

"Basi ungewadanganya," mwanamke alisema. "Mimi ningekuwa kwangu."

Mama Mchungaji anaponukuu maneno hayo, anayasema polepole, bila kuongeza lake. Ameyaweka mbele za Mungu pia, pamoja na mengine. Kila Jumamosi baada ya kazi huenda kwenye chumba kile, akamshika msichana mkono, wakatembea kutoka mlangoni hadi bombani, kutoka bombani hadi dukani, mpaka ayajue mapito. Msichana ameshaweza kufika bombani peke yake. Mama yake huwatazama akiwa mlangoni. Humkaribisha mgeni chai. Kanisani hajawahi kwenda, na hajaombwa.

Waumini waliobaki ni sitini na wachache. Mwenye jengo alipochukua ukumbi wake, mwenye kiwanda aliwaruhusu watumie chumba cha kukunjia nguo Jumapili asubuhi, ilimradi wasiguse mashine na wafagie wakimaliza. Wanaimba wakiwa wamekaa juu ya vikapu vilivyopinduliwa. Watoto hulala kwenye marundo ya taulo safi, na hakuna anayewaamsha.

Upweke haukuisha kwa hayo. Waliobaki wanampenda, lakini nao wanampangusia viti. Anapika chakula cha mtu mmoja, na mara nyingi hupika kingi kwa mazoea. Bado anaomba aambiwe afanye nini, na kanisa hili, na miaka aliyobakiza. Bado simu inaita.

Jambo moja tu limebadilika, na lilianza bila yeye kulitaka. Maneno yake ya Jumapili ile yalisambaa mji mzima, kwa wengi yakiwa kichekesho: mchungaji asiyesikia. Kisha mtu mmoja akaja kiwandani kumtafuta, mchana, wakati wa kula.

Alikuwa mchungaji mwenzake, wa kanisa kubwa kuliko lake mara nyingi. Mama Mchungaji hamtaji, na gazeti hili halikuuliza mara mbili. Alivaa suti na viatu vya kung'aa, akasimama katikati ya vikapu kama mtu aliyepotea hospitalini. Aliomba wazungumze faragha. Faragha pekee iliyokuwepo ni nyuma ya mashine za kukaushia.

"Akaniuliza kama ni kweli nilisema vile mbele ya watu," anasimulia. "Nikamwambia ni kweli. Akaniuliza baada ya hapo nilijisikiaje. Nikamwambia vibaya. Akakaa chini kwenye kikapu. Akasema, mimi ni mwaka wa tatu huu sijasikia kitu, na kila Jumapili nasema Bwana ameniambia."

Mama Mchungaji hakumwombea papo hapo, hakumpa mstari. Alimgawia nusu ya chakula chake na wakala kimya mpaka kengele ya zamu ikalia.

Kutoka hapo ndipo alipopata mpango alionao sasa, ambao anausimulia kwa uangalifu, kama mtu anayebeba kitu kilichojaa hadi ukingoni. Anataka kuwe na mahali ambapo wanaoongoza makanisa wanaweza kukaa pamoja Jumanne jioni, saa moja tu, bila muumini wa kuwasubiri usoni. Pasiwe na mahubiri wala ripoti. Anayetaka kuomba aombe, anayetaka kunyamaza anyamaze, na mwenye kusema sijui aseme asikike.

"Sijui kama ni Mungu aliyeniongoza kwenye hili," anasema. "Labda ni mimi tu nimechoka kula peke yangu. Lakini nimeona nilianze, na kama halimpendezi, atanizuia. Kunizuia anajua."

Mwenye kiwanda amekubali. Mama Mchungaji amenunua vikombe sita na kuwapelekea ujumbe viongozi wanne anaowafahamu. Wawili wamesema watafikiri. Mmoja alicheka. Mwingine hajajibu.

Jumanne iliyopita alikuja mmoja tu, yule mchungaji mwenye suti. Walikaa mezani pale pa kukunjia, chai kati yao. Mashine zilikuwa zimezimwa, na chumba kilikuwa kimya kuliko kinavyokuwa siku zote.

"Mke wangu anadhani niko kwenye mkutano," mchungaji yule alisema mwishowe.

"Si uko kwenye mkutano?" alimjibu.

Walikunywa chai ikaisha. Akaaga, akatembea hadi mlangoni kwa tahadhari, maana sakafu ilikuwa imemwagiwa maji ya sabuni, na mara mbili alishika ukuta asianguke.

"Jumanne ijayo upo?" aliuliza akiwa kizingitini.

"Nipo," Mama Mchungaji alisema. "Ila baba, njoo na viatu vya watu. Hivyo vitakuua."

Mgeni alivitazama viatu vyake, akacheka mpaka akashika tena ukuta, na Mama Mchungaji akajikuta anacheka naye.